Jina Lililozidi Nafasi Yake

Kumasi, 2 Machi 1998

Mjomba Amponsem,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema goti limepoa tangu aache kupanda jukwaa la kwaya. Sasa anaimbia chini, na sauti inafika vilevile. Kaka Boadi nadhani amepata mchumba huko Techiman. Hajatuambia, lakini amenunua viatu.

Nina shida ya kazini, na katika ukoo wetu ni wewe peke yako utakayeielewa. Nimekabidhiwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C na kijana ambaye sasa yuko ng'ambo na hajibu barua. Kila wiki zahanati za mkoa zinatuletea disketi. Programu inazisoma, inazilinganisha na faili kuu la wagonjwa wa kifua kikuu, na Jumatatu inatoa orodha ya walioacha dawa. Wapanda baiskeli wetu wanaichukua orodha hiyo na kwenda kuwatafuta watu hao nyumbani. Mgonjwa akipatikana mapema, anarudishwa kwenye dawa na anapona. Akichelewa, vidudu vinaizoea dawa, na baada ya hapo hatuna cha kumpa.

Tangu maji ya bwawa yashuke, umeme unakuja kwa zamu. Zamu yetu ni nusu siku, na programu inahitaji zaidi ya nusu siku kumaliza. Kwa hiyo haimalizi. Bwana Dapaah, mkuu wangu, amesema mbele ya ofisi nzima: "Pokuaa, mashine yako inakula umeme kama bwana harusi anavyokula nyama, na sisi hata chai hatuchemshi." Amenipa hadi mwisho wa Juni. Ikishindikana, orodha itarudi kuandikwa kwa mkono. Kwa mkono ilikuwa ikitoka kila baada ya miezi mitatu, na miezi mitatu inatosha kumzika mtu na kugawana nguo zake.

Naomba unifundishe. Barua nampa dereva wa basi la Adumkrom, yule mwenye kofia.

Mpwa wako,
Pokuaa


Adumkrom, 23 Machi 1998

Mpwa wangu Pokuaa,

Barua imefika ikiwa na doa la mafuta ya mawese, lakini maneno yote yapo. Mke wangu, shangazi yako Fosuaa, ni mzima. Viazi vikuu vimekuwa vichache mwaka huu na misiba mingi, kwa hiyo kila Jumamosi tunavaa nyeusi na nyekundu na kurudi na njaa. Mwambie Boadi kwamba viatu havimtoshi mchumba wa Techiman. Watu wa huko wanauliza shamba.

Umenikumbusha miaka ishirini niliyokaa na mashine katika ofisi za mgodi. Sasa mimi ni msemaji wa Nana, chifu wetu. Yeye anasema kwa sauti ya chini, nami narudia ili maneno yawafikie watu yakiwa yamevaa nguo. Kwa sasa Nana anapumzika na baraza la mwezi huu limeahirishwa. Ukiulizwa huko Kumasi, sema limeahirishwa, basi.

Sasa kazi. Usiombe mashine mpya, na usianze kubadilisha programu kwa kubahatisha. Pima kwanza. Tafuta muda unapotelea wapi, kwa saa, wala usikisie. Mimi mwenyewe nimewahi kurekebisha kwa wiki nzima sehemu ambayo haikuwa na kosa.

Ukishapima, angalia inakwenda kwenye diski mara ngapi. Shangazi yako akienda kwa jirani kuomba chumvi, akarudi, akaenda tena kuomba pilipili, akarudi, akaenda tena kwa ajili ya kitunguu, supu itaiva kesho. Anayejua kupika anakwenda mara moja na kikapu. Soma fungu kubwa kwa mara moja, uliweke kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha ulitafune humo.

Halafu niambie jambo moja: programu hiyo ikiandika, inauliza kama maandishi yamefika?

Amponsem


Kumasi, 20 Aprili 1998

Mjomba,

Shikamoo. Pasaka ilipita vizuri. Mama aliimba wimbo mzima akiwa amekaa, na mchungaji akamwita mfalme Daudi. Boadi ameuliza bei ya shamba, kwa hiyo maneno yako yamefika.

Nimepima kama ulivyosema. Kweli programu ilikuwa inachota herufi moja moja kutoka kwenye diski, nami nimeipa kikapu. Lakini sehemu kubwa ya muda ilikuwa inapotea mahali pengine. Kwa kila mgonjwa aliyemo kwenye disketi, programu ilikuwa inarudi mwanzo wa faili kuu na kulisoma tena lote mpaka imkute. Kila mgonjwa, kila wiki, tangu mwanzo. Sasa ninapanga mafaili yote mawili kwa namba, kisha programu inashuka nayo bega kwa bega, kama watu wawili wanaosoma kitabu kimoja cha nyimbo. Kazi iliyozidi nusu siku inakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Bwana Dapaah aliangalia saa yake, akaitikisa, akaniambia, "Umeruka zahanati gani?" Nikampa karatasi ahakiki. Alihakiki mpaka jioni na hakukuta iliyorukwa.

Najua utaniambia nisicheze ngoma bado. Jibu la swali lako ni kwamba hapana, haikuwa inauliza. Wiki iliyopita umeme ulikatika kabla ya zamu yake kwisha, wakati programu ikiandika faili kuu. Uliporudi nilikuta faili kuu lipo, jina lake lipo, na ndani hamna kitu. Nililirudisha kwa disketi za nakala tunazotoa kila Ijumaa.

Tena kuna disketi moja inayoisumbua. Mara inaiangusha programu, mara inapita kimya. Sijajua kwa nini.

Pokuaa


Adumkrom, 11 Mei 1998

Pokuaa,

Sisi wazima. Paa la shangazi yako limevuja juu ya kitanda changu, si juu ya chake, na yeye haoni ajabu.

Mwendo umeupata. Pongezi, na sasa usahau kidogo habari za mwendo. Programu ya haraka inayoharibu faili inaharibu haraka, basi. Fanya hivi.

Usiandike kamwe juu ya faili kuu. Andika faili jipya pembeni yake. Kila unapoandika, soma jibu la mashine: imeandika kiasi ulichoiambia au pungufu? Ukilifunga faili, soma jibu tena, kwa sababu diski iliyojaa mara nyingi hukiri wakati wa kufunga. Hakikisha maandishi yameteremka kwenye diski yenyewe. Yote yakiwa sawa, ndipo faili jipya lipewe jina la lile la zamani. Umeme ukikatika kabla ya hapo, una la zamani zima. Ukikatika baada ya hapo, una jipya zima. Nusu hutakuwa nayo.

Kuhusu ile disketi, nahofia zaidi inapopita kimya kuliko inapoangusha. Mtumishi anayeanguka mlangoni unamwona. Anayekuletea habari ya uongo akiwa amenyooka ndiye wa kumwogopa. Tafuta mstari wenyewe. Usitafute mtu wa kulaumu.

Nina swali la elimu yangu tu. Mtu aliyeanza dawa za kifua akaziacha, anaweza kukaa muda gani kabla hazijakuwa bure kwake? Jibu kwa dereva yuleyule na ufunge bahasha kwa gundi.

Baraza limeahirishwa tena.

Amponsem


Kumasi, 25 Mei 1998

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, Boadi mzima na mchumba ameonekana. Ni mrefu kuliko yeye na anamwita "kijana". Tumempenda.

Mstari nimeupata. Katika programu, kila mgonjwa ana nafasi ya herufi arobaini kwa ajili ya jina, na jirani yake katika kumbukumbu ya mashine ni tarehe aliyofika zahanati mara ya mwisho. Tarehe inaandikwa kwanza, jina baadaye, na aliyeandika programu hakuuliza kama jina litatosha. Kwenye disketi hiyo kuna jina lenye herufi zaidi ya mia. Linajaza nafasi yake, linafurika, linaimwagikia tarehe. Herufi zikisomwa kama tarehe zinatoa mwaka ambao wajukuu wetu hawataufikia. Kwa hesabu ya programu, mtu huyo alifika zahanati siku ambayo bado haijaja. Basi hajawahi kukosa dawa, na hajawahi kutokea kwenye orodha.

Karani wa zahanati hiyo alipoleta disketi nilimkalisha chini.

"Bwana karani, hili ni jina la mtu mmoja?"

"Mmoja, dada."

"Hukuweza kuandika fupi?"

"Wewe kwenu hakuna wakubwa? Nimkate mtu sifa zake ili mashine ipumue? Halafu nikirudi kwetu nile fufu na nani?"

"Ungeandika jina la kwanza tu."

"Basi andika wewe. Mkono wako, saini yako. Mimi nitakuwa nje."

Kosa langu lilifuata. Niliweka amri inayosoma mstari kwa kipimo, isizidi chombo, na nikasahau kuuliza kama mstari umekwisha. Mabaki ya jina yakasomwa kama mstari mwingine. Programu ikazaa mgonjwa mpya asiye na tarehe wala namba, jina lake Mto Usiokauka, na Jumatatu akatoka kwenye orodha wa kwanza. Bwana Asubonteng, mpanda baiskeli wetu mwenye sauti, akaondoka naye. Alipita vijijini akipaza: "Hapa yupo mgonjwa anaitwa Mto Usiokauka?" Mama mmoja aliyekuwa anatwanga akamwambia, "Hiyo ni sifa ya mtu usiyeweza kumtaja ukiwa juu ya baiskeli. Shuka kwanza." Akashuka, akavua na kandambili. Akaelekezwa kwenye nyumba kubwa. Getini akaambiwa kwamba nyumba ile haina mgonjwa, haijawahi kuwa naye, na kama ana kiu atapewa maji.

Sasa nimerekebisha sawasawa. Jina linapata nafasi inayolitosha, kwa urefu wowote. Mstari ambao programu haiuelewi unawekwa kwenye faili la pembeni pamoja na sababu, na mtu anausoma kwa macho yake. Hakuna unaokatwa, na hakuna unaotupwa kimya.

Jina la mtu huyo na mahali alipo sitakuandikia. Nilikula kiapo. Ila swali lako la elimu nalijibu: akikosa wiki chache anaweza kuanza upya na kupona. Akikosa miezi, simwahidi chochote. Yule wa kwenye mstari mrefu amekosa wiki saba.

Na mimi nina swali la elimu yangu. Mpanda baiskeli akifika kwenye nyumba ambayo hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba mwenye nyumba anaumwa, aseme nini?

Pokuaa


Adumkrom, 4 Juni 1998

Mpwa wangu,

Umekula kiapo, nami nimekula changu, kwa hiyo tutaelewana. Shangazi yako mzima. Paa limezibwa.

Nitakusimulia habari ya mtu ambaye hayupo. Mtu huyo alipewa dawa na akapewa sheria: ameze kila siku mbele ya macho ya mtu wa zahanati. Hakukataa dawa. Lakini mtu wa cheo chake haonekani akila wala akinywa. Tangu akalie kiti cha enzi hakuna mgeni aliyemwona akimeza hata mate. Alikwenda siku za mwanzo kwa gari lililofungwa vioo, na nesi alimgeuzia mgongo alipokuwa akimeza. Halafu nesi akaja na mwanafunzi, wakasimama wawili mbele yake na glasi ya maji. Akainuka akaondoka. Hakurudi.

Baada ya bwana wenu mwenye sauti kuja, wazee wa nyumba walikaa. Mama wa kiti, ambaye ni dada yake mkubwa, alisema dawa si chakula, hivyo mila haiigusi.

Mzee mmoja akauliza, "Inapita mdomoni?"

"Inapita."

"Inateremka tumboni?"

"Inateremka."

"Basi ni chakula."

Mama akamwambia, "Na nzi uliyemmeza jana ukipiga mayowe hapa, ulikuwa chakula cha mchana?"

Watu walicheka, lakini mzee hakuondoka kwenye neno lake, na kwa mila alikuwa na haki. Mimi kazi yangu ni kurudia maneno ya mwingine. Siku hiyo nilisema la kwangu. Nikauliza: je, hakuna kabisa anayemwona akila? Yupo. Mpishi mkuu, Bwana Kyeremeh. Anaonja kwanza, kisha anakaa hapo mpaka bakuli liondolewe. Mila si kwamba inamruhusu tu, inamlazimisha. Hakuna aliyepinga.

Kwa hiyo nyumbani tumemaliza. Kwenu ndiko nisikokujua. Programu yako itakubali shahidi ambaye ni mpishi? Najua ulivyoifunza kukataa isichokielewa. Nakuuliza kama inajua kuuliza kabla ya kukataa.

Jibu upesi. Dereva nimempa samaki.

Amponsem


Kumasi, 29 Juni 1998

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Dereva anasema samaki alikuwa mdogo.

Ulikisia sawa. Mstari wa kwanza wenye mpishi kama shahidi ulikataliwa. Programu inataka namba ya mtumishi wa zahanati, na mpishi hana. Ila ulikwenda kwenye faili la pembeni na sababu yake, na asubuhi niliukuta. Kuilegeza programu imkubali shahidi yeyote ingekuwa kazi ya dakika moja, na ingekuwa uharibifu. Kesho kila mtu angeshuhudiwa na mbuzi wake. Nikaenda kwa Bwana Dapaah.

"Mpishi wa wapi?"

"Sisemi, mzee."

"Wa nani?"

"Sisemi."

"Anajua kutunza siri?"

"Kuliko mimi."

Akafikiri huku akipepea shati. "Apelekwe zahanati afundishwe siku mbili. Akifundishwa ni mtu wetu, apewe namba. Na mpikie huyo mpishi salamu zangu, sijala tangu asubuhi."

Bwana Kyeremeh amefundishwa. Amepewa namba na programu inampokea. Mstari umepita wiki ya pili sasa, jina zima, tarehe ya kweli.

Ijumaa wakubwa walikuja kuamua kama tunarudi kwenye kalamu. Programu ilipokuwa katikati ya kuandika, Bwana Dapaah aliinuka bila kuniambia, akafuata waya ukutani, akauchomoa. Skrini ikawa nyeusi. Mkubwa mmoja akasema, "Dapaah, umeua." Yeye akasema, "Huku umeme unafanya hivi kila siku, na haubishi hodi." Akaurudisha waya. Nikawasha, nikalifungua faili kuu mbele yao. Lilikuwa zima, kama lilivyokuwa asubuhi. Nikaianzisha programu tena kutoka mwanzo, ikamaliza, wakahesabu wagonjwa kwa kidole. Kalamu hazikutajwa tena. Nje ya mlango nilimwambia Bwana Dapaah kwamba angenionya. Akasema, "Ungeogopa?" Nikasema hapana. "Basi ningekuonya nini?"

Sina swali la elimu wiki hii. Nangoja habari zozote utakazoona zinafaa kuandikwa.

Pokuaa


Adumkrom, 19 Oktoba 1998

Mpwa wangu Pokuaa,

Nimekaa kimya muda mrefu na hukuniuliza. Nimeliona hilo. Shangazi yako amevuna njugu gunia zima na anakutumia debe. Boadi alikuja na mchumba wake kuamkia. Ni kweli anamwita "kijana", na yeye anaitika.

Bwana Kyeremeh amekuwa mtu wa majivuno. Anatembea na namba yake kana kwamba ni cheo cha jeshi, na kila siku baada ya chakula anachora alama yake kwenye kadi kwa mkono wa kulia, kwa utaratibu, huku ameutoa ulimi. Anasema ataendelea mpaka zahanati imwambie basi, na zahanati bado haijamwambia.

Kwa kuwa katika nyumba hii hapakuwa na mgonjwa, sina habari ya kupona ya kukupa. Nitakupa habari za kazi yangu.

Jana baraza lilikaa, la kwanza tangu Februari. Watu walijaa mpaka barabarani. Kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, halafu ya maji, halafu ya mke aliyeondoka na cherehani. Nana alisema, nami nikarudia. Alisema tena, nikarudia. Akawakumbusha wenye mpaka babu zao mmoja baada ya mwingine, akawagombeza wote wawili, akawatania, akaanza upya. Hakupumzika katikati ya sentensi. Jua lilipofika utosini, sauti yangu ilikuwa imekwisha, na mimi ndiye niliyeomba maji.

Amponsem